Kipira Kilichokuwa Mfukoni

Kabati la chini ya sinki likilowa siku mbili tatu linatoa harufu yake, ya mbao zilizovimba na matambara yaliyochacha, na mimi nikiinusa tu narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Wiki iliyopita ilinikuta jikoni kwangu, Pinetown, nje kidogo ya Durban. Nilipiga magoti nikaona maji yanavuja pale pale yalipokuwa yakivuja kwetu, kwenye maungio ya bomba.

Wakati ule tulikaa katikati ya Durban, familia nzima chumba kimoja na jiko. Papa, baba yangu, alikuwa fundi bomba huko Bukavu, Kongo, fundi wa kuitwa na mapadri. Durban alilinda magari ya watu nje ya supamaketi. Kwa hiyo mwenye nyumba aliposema ataleta fundi wake, papa alikataa kwa adabu, akaenda kuvaa shati safi. Shati safi, jamani, la kuingia nalo chini ya sinki! Mama alicheka, ila siku nyingi sikuwa nimemwona akimtazama papa namna ile.

Alifungua nati, akatoa kipira cheusi cha duara kilichochakaa, akaniwekea kiganjani. "Iko hii tu," alisema. "Joint imekufa. Uichunge, twende duka." Ndivyo mafundi wa kwetu wanavyokiita kipira hicho, kwa Kifaransa. Nikakitia mfukoni mwa gauni langu.

Dukani kulikuwa na foleni. Papa alilisema neno lake mara tatu na muuzaji hakuambulia kitu. Kazi ya kumfasiria ilikuwa yangu, benki, kliniki, kila mahali. Lakini nyuma yetu alisimama msichana wa darasa langu na mama yake, nami nikawa bubu. Papa akaomba kalamu, akaliandika kwa herufi kubwa: JOINT. Muuzaji akalisoma kwa sauti, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza cha Durban, huo ni msokoto wa bangi.

"Eish, baba, hiyo hatuuzi hapa," alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana yule alicheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Papa alitabasamu bila kuelewa, akanigeukia. "Toa ile ya zamani, uwaonyeshe."

Nilikuwa nimekikamata kipira mfukoni, bado kimelowa. "Nimepoteza, papa," nilisema.

Aliutazama mfuko wangu na ngumi iliyokuwa ndani yake. Kisha akamshukuru muuzaji, tukatoka.

Nyumbani alikata kipira kingine kutoka kwenye soli ya kandambili. Kilishika hadi jioni tu. Kesho yake fundi wa mwenye nyumba alikuja, akamaliza kabla chai ya mama haijachemka, na papa alimmulikia tochi akiwa na fulana yake ya kila siku. Shati safi lilikuwa limerudi kwenye sanduku.

Kuanzia hapo hakuniomba tena kumfasiria. Alikwenda kliniki peke yake na kurudi jioni, siku nzima imepotea kwa sababu ya neno moja alilokosa. Mimi nilifurahi, nikidhani sasa amekijua Kiingereza. Nilikuwa mtu mzima, tena nina watoto, nilipoelewa kwamba alikuwa ananiondolea aibu ya kuonekana naye. Nami nilimwacha aniondolee, miaka yote ile.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta nasema bomba linavuja. Sauti yake ilichangamka, akaniuliza maji yanavujia wapi, juu ya nati au chini.

"Ni joint tu," alisema. "Ile ya zamani usitupe. Weka mfukoni, ukifika duka uwaonyeshe."

Maji yalikuwa yanadondoka ndani ya beseni, naye bila shaka aliyasikia.

"Papa," nilisema, "siku ile sikuwa nimepoteza."

"Najua," alisema. "Funga kwanza maji."