Siku Niliyoomba Kibarua cha Kusukuma Unga Italia

Shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kulisema. Wenzangu waliobaki darasani leo wameajiriwa na watu. Mimi nimeajiri watu kumi na mmoja. Zile chapati unazozikuta zimefungwa nne nne kwenye maduka ya Soho Road hapa Birmingham, na zile zinazopelekwa Northfield kila Ijumaa, ni zangu. Nilianzia kwenye nyumba ya kupanga pale Handsworth, jiko dogo ambalo ukitaka kufungua friji lazima mwenzako atoke nje kwanza. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja Singasinga aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alitafuna kipande, akanitazama, akasema, "Kijana, hii ni chapati au soli ya kiatu?" Akaniingiza jikoni kwake, akanionyesha maji ya moto yanavyotiwa kwenye unga, na mafuta, na subira. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia tena kwamba unga umenishinda.

Yaani, mpaka nilipokwenda Italia.

Safari yenyewe ilianzia sebuleni kwangu, Hodge Hill. Binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja Jumapili moja na mchumba wake. Huyu kijana ni Mwitaliano, ingawa ukimsikia akizungumza Kiingereza utadhani mitaa yote ya Birmingham imeingia mdomoni mwake. Alilelewa na nyanya yake katika mji mdogo wa milimani, mpaka alipotimiza miaka kumi na baba yake akamleta huku. Harusi tulikuwa tumeshaipanga. Kanisa tumepata, ukumbi tumepata, na mimi nilikuwa nimeshatangaza mbele ya washirika wote kwamba siku ya binti yangu chapati nitasukuma mwenyewe kwa mikono yangu, kwa kanisa zima.

"Baba, kuna shida," binti yangu akasema. Anasema kwa Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyo nyumbani kwetu. "Nyanya yake amekataa kuja."

"Mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Amekataa tu."

Kijana akaeleza, macho chini. Baba yake alikuja Birmingham kupika kwenye mkahawa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukawa miaka, kisha akarudi, lakini kumchukua mtoto tu. Bibi kizee akaapa kwamba nchi iliyomnyang'anya watu wawili hataikanyaga kama mgeni, hata kwa harusi. "Na mimi, Baba," kijana akasema, "siwezi kuoa mahali ambapo nyanya hayupo. Kama haji, itabidi tufungie ndoa kwake."

Kwake! Na wazee wetu wa kanisa, na chapati zangu, na watu niliowaambia?

"Basi nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe," nikasema. "Mimi nimeongea na watu wa benki wakanisikiliza, sembuse bibi mmoja?"

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Baba Watoto, tangu lini baba wa msichana akafunga safari kwenda kwa watu wa mvulana? Wao ndio wanaokuja kwetu kwanza. Unataka kutuaibisha?"

Hapo alinishika. Kwetu ndivyo ilivyo. Upande wa mvulana ndio unaobisha hodi. Na kabla hawajafika, wazazi wa msichana hawaonji hata chumvi ya nyumba ile.

Binti yangu akacheka. "Basi usiende kama baba mkwe. Nenda kama mtalii."

Ndivyo nilivyokuwa mtalii. Nikanunua kofia ya majani na kamera. Binti yangu hakupata likizo, kwa hiyo tukaenda watatu: mimi, mke wangu, na kijana wa kututafsiria.

Sitaki kudanganya, Italia ilinipendeza. Pale mjini Bologna tulitembea chini ya nguzo na matao barabara nzima, mvua inanyesha na sisi hatulowi. Nikasema huyu aliyejenga hapa alikuwa mtu wa akili kama mimi. Kahawa wanakunywa wamesimama, kikombe kidogo kama cha dawa ya mtoto, wanagugumia mara mbili na kuondoka. Baada ya saa sita wanafunga maduka, wanakwenda kula na kupumzika, na hakuna anayeona haya. Sokoni nilimkuta mzee anasuka vikapu vya fito, vidole vyake vinakwenda bila macho kuangalia. Nilikaa naye saa nzima. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana, lakini alinipa fito nikajaribu, nikajikata, akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu akanipiga picha.

Siku ya pili tukapanda basi mpaka mji wa milimani. Nyumba ya yule nyanya ilikuwa ya mawe, ngazi zimelika katikati kwa kukanyagwa. Alitoka mlangoni na aproni, mfupi, mnene wa mikono, akamkumbatia mjukuu wake na kumpiga makofi ya mgongo kama anayemlaumu. Kisha akatugeukia, akatutazama kofia mpaka viatu, akasema neno.

"Anasema ingieni, chakula tayari," kijana akatafsiri.

Mimi na mke wangu tukatazamana. Nilikuwa nimefikiria kila kitu: maneno, zawadi, hata kofia. Chakula sikukifikiria! Mtalii anaweza kula popote, lakini mimi na mke wangu tulijua moyoni sisi ni nani, na yule mama naye alishaambiwa na mjukuu wake. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Akaleta supu ya kuku iliyojaa vitu vidogo vya unga, kila kimoja kimekunjwa kama kikofia, na ndani kuna nyama kidogo. Kijana akaninong'oneza kwamba alianza kuvikunja jana asubuhi.

"Mwambie asante sana," nikasema. "Mwambie tumeshiba. Tulikula stesheni."

"Baba, tafadhali."

"Mwambie tu."

Akamwambia. Yule mama hakukasirika kwa sauti. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alichukua sahani yangu, akachukua ya mke wangu, akaipa meza mgongo. Kisha akasema maneno machache akiangalia sinki.

"Amesemaje?"

Kijana alikuwa amepoteza rangi. "Anasema alikuwa ameanza kuifikiria safari. Sasa amemaliza kufikiria. Mtu asiyekula mezani kwake, yeye hawezi kwenda kula mezani kwa mtu huyo."

Nilitoka mle ndani nikiwa nimebeba kofia yangu mkononi. Mimi, niliyekwenda kuijenga harusi, nimeivunja kwa sentensi moja. Tulikaa kwenye benchi la uwanja wa kanisa, na kijana akaanza kupiga hesabu za kuhamisha ukumbi. Mke wangu alikuwa anakula ndizi tuliyonunua njiani.

"Tukimweleza mila yetu?" kijana akauliza.

"Ukimweleza," mke wangu akasema, "ataelewa kwamba tumekuja kumwambia yeye ndiye mwenye makosa, kwa kuwa hajaja kwetu. Utazidisha."

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Wazo lilikuwa langu, ingawa mke wangu mpaka leo anadai ni lake. Mkwe hali, sawa. Lakini fundi je? Fundi akija kukujengea ukuta, hata awe nani kwako, hula kazini. Chakula cha fundi si ukarimu, ni sehemu ya ujira wake. Mila haijawahi kumkataza mtu kula jasho lake.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwenye zile ngazi bila kofia wala kamera, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni.

"Mwambie natafuta kibarua," nikamwambia kijana. "Cha jikoni. Mwambie mimi ndiye msukumaji wa unga nambari moja Birmingham."

Kijana akasita, kisha akasema. Yule mama akasikiliza, akanitazama mikono, akaigeuza akaangalia viganja. Akauliza kitu.

"Anasema, msukumaji nambari moja, kati ya wangapi?"

"Mwambie wote."

Akatoa sauti puani, akanisogezea ubao mkubwa kama mlango na mti wa kusukumia mrefu kuliko mkono wangu. Kisukumio changu cha nyumbani ningeweza kukificha nyuma ya huo. Akamimina unga katikati ya ubao, akachimba shimo, akapasua mayai humo ndani. Akaniachia nikande.

Sasa mimi mkono wangu una mazoea yake. Niliona chupa ya mafuta pembeni, nikaichukua, nikatia. Kidogo tu, kama kawaida. Jamani! Mama yule alipiga ukelele hadi njiwa wa dirishani wakaruka. Akanipokonya chupa, akauzoa unga wote, akaubwaga kwenye bakuli la chakula cha kuku wake.

"Anasema," kijana akasema huku anajizuia kucheka, "unataka kukanda unga au kulainisha baiskeli?"

"Mwambie kwetu chapati bila mafuta ni adhabu."

Akaambiwa. Akajibu papo hapo. "Anasema kwake unga wenye mafuta unateleza, hausukumiki ukawa mwembamba. Anza upya."

Nilianza upya. Kukanda nilikanda vizuri, hata yeye aliitikia kwa kichwa kidogo. Akafunika donge kwa bakuli lipumzike, na mimi nikasema, "Aah, hata sisi tunafanya hivyo!" Tukatabasamu, mara ya kwanza. Lakini kusukuma ndiko kulikonimaliza. Mimi nasukuma chapati kwa kuikandamiza na kuizungusha. Yeye anautaka unga usikandamizwe, unauviringisha kwenye ule mti na kuupeleka mbele kwa viganja, kama mtu anayenyoosha shuka kitandani. Nikautoboa. Akaniambia anza upya. Nikautoboa tena. Akanipiga kifundo cha mkono kwa kijiko cha mbao, si kwa nguvu, lakini si kwa mchezo pia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunja vikofia vya unga aliosukuma yule mama, pamoja na jirani mmoja, na alikuwa na raha ambayo sijaiona tangu siku niliyoteleza kwenye barafu mbele ya kanisa.

"Nambari moja," akasema. "Endelea, nambari moja."

"Nyamaza, Mama Watoto. Kazi ni kazi."

Sikuwa nimetoka jasho la namna hiyo tangu Handsworth. Na niseme ukweli, nilifurahi. Miaka mingi sasa mimi ndiye ninayewaambia watu warudie. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa kusimama mbele ya mtu anayejua kuliko wewe, na usitake kuondoka.

Mara ya nne unga ulitanuka. Ukatanuka mpaka ukaning'inia ukingoni mwa ubao kama kitambaa cha meza. Mama akaja, akauinua upande mmoja kwa mikono yote miwili, akauelekeza dirishani kwenye mwanga. Nyuma ya unga wangu niliuona mnara wa kanisa, na kengele yake. Aliushusha taratibu, akachukua kisu, akaanza kuukata.

Chakula kilipoiva, alianza kutandika kitambaa cheupe sebuleni. Nikamzuia.

"Mwambie vibarua hawali sebuleni. Tutakula hapa jikoni, kwenye ubao."

Akautazama ubao, akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba jana haikuwa dharau. Alileta mabakuli jikoni, tukala tumesimama, mikono na unga wake, sote. Mimi nilikula mabakuli matatu. Mke wangu mawili, na anasema moja.

Baada ya kula akauliza, kupitia kijana, nani atapika kwenye hiyo harusi.

"Mimi," nikasema. "Chapati, kwa kanisa zima. Mwenyewe."

"Zenye mafuta?"

"Zenye mafuta."

Akafuta mikono kwenye aproni polepole. Akamwambia mjukuu wake kitu kirefu, na kijana akaanza kulia na kucheka pamoja, nikalazimika kumshika bega ndipo akatafsiri.

"Anasema aliapa hatakwenda Uingereza kama mgeni, na kiapo ni kiapo. Lakini haiwezekani huyu mtu aachwe peke yake na unga siku ya harusi yangu. Anasema atakuja kufanya kazi."

Nilimpa mkono. Kibarua kwa kibarua.

Alifika Birmingham wiki moja kabla ya harusi. Nilimpokea uwanja wa ndege na maua, akampa mjukuu wake yale maua, akanipa mimi koti lake, akauliza jiko liko wapi. Kufikia jioni alikuwa anawaamrisha akina mama wa kanisa jikoni kwangu Hodge Hill, Wakenya na Wakongomani, kila mmoja anamjibu kwa lugha yake, na kazi inakwenda. Binti yangu alimkuta hapo alipotoka zamu. Yule mama akamshika mashavu kwa mikono yenye unga, akamwachia alama nyeupe mbili, na binti yangu hakuzifuta.

Siku yenyewe, baada ya kanisa, watu walikaa na sahani zao mbele: vikofia vya yule mama na chapati zangu. Yeye aliichukua chapati ya kwanza, akainusa, akaishika kwenye mwanga wa dirisha la ukumbi, akatikisa kichwa kwa masikitiko kwa sababu haikuonyesha kitu ng'ambo. Kisha akaila.

Kisha akala nyingine. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya mjukuu wake akachukua yake, na bi harusi akapiga kigelegele ukumbi mzima ukageuka. Chapati tatu. Muulizeni mtu yeyote aliyekuwepo.