Silinda ya Chande na Baridi ya Kipupwe

Watu wa Msambweni wanaomkumbuka Chande Kombe husema alikuwa na kiburi. Si kweli. Nilifanya naye kazi meza moja miaka kumi na mmoja katika karakana ya kiwanda cha sukari, na nasema hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa na ubishi, tena ubishi wa kubishana na nafsi yake, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna wa kuamua.

Alizaliwa kisiwani Funzi katika nyumba ya wavuvi, naye akawa mtu wa kutapika akipanda mtumbwi. Alipopata nguvu za kutembea mbali alikimbilia bara, akaajiriwa kupaka grisi kwenye ghala la jeshi pale Mackinnon Road, na huko ndiko alikojifunza kukereza chuma. Mimi, Randu, Mduruma niliyekulia kwenye ukame, nilishuka pwani kutafuta maji. Nilikuwa nikimwambia, "Chande, Mungu alituchanganya, wewe alitaka akuweke kwetu." Naye hujibu, "Na wewe angekuweka Funzi ungekunywa bahari yote, tukakosa samaki." Huo ndio ulikuwa utani wetu wa kila siku, na ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote aliyokuwa nayo.

Mwaka wa 1964, bendera mpya haijatimiza mwaka, msimamizi wa karakana alijiandaa kurudi kwao Uingereza. Sisi tulimwita Bwana Kipimo, kwa kuwa hakuonekana hata siku moja bila kipimo mfukoni. Meneja alikuwa amekwishapata mtu wa Nairobi mwenye cheti. Bwana Kipimo akapinga, akasema hapa hapa yupo mwenyeji anayeiweza kazi hiyo. Wakavutana wiki nzima, mwisho wakaafikiana. Chande atengeneze kwa mikono yake injini ndogo ya kutoshea kiganjani, aina ile inayorusha ndege za kuchezea. Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa nne asubuhi, aiwashe mbele yao. Ikinguruma dakika tano, nafasi ni yake. Isipowaka, mtu wa Nairobi anaripoti Jumatatu.

Nami nilikuwa na langu. Chande akipanda, mashine yake ya kukerezea, ile kubwa iliyo karibu na dirisha, ingekuwa yangu pamoja na daraja lake.

Injini ile haina plagi wala betri. Inawaka kwa kubanwa tu: pistoni inapanda, inaubana mvuke wa mafuta mpaka unashika moto wenyewe. Upepo ukipata pa kupenya pembeni mwa pistoni, basi umepata pambo la kuweka kabatini. Kwa hiyo roho ya kazi nzima imo ndani ya silinda, katika tundu lenye upana wa kidole gumba. Ukishalichimba kwa mashine bado lina mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Unalisugua kwa kijiti cha shaba kilichopakwa unga wa kusagia vali uliochanganywa na mafuta, unakizungusha taratibu, mbele na nyuma, kisha unaosha, unapaka mafuta safi na kujaribu pistoni. Inatakiwa ishuke yenyewe polepole, kama mgeni mwenye adabu anayeingia nyumba ya watu, na ukiziba upande wa chini kwa kidole, isimame. Ukisugua kidogo, inakwama. Ukizidisha, ndiyo maji yaliyomwagika, hayazoleki, maana chuma kilichoondoka hakirudi.

Chande aliifanya kazi hiyo baada ya swala ya alfajiri, kabla ya king'ora, kwa sababu mchana mashine zilikuwa za kiwanda. Bwana Kipimo alimwambia atumie mafuta mepesi yoyote. Yeye akatumia ya nazi, aliyoyakamua mkewe, Mwanaima. Nani pwani asingefanya hivyo? Tunapaka nywele, tunapaka watoto, tunapaka bawaba za milango. Kwa siku tisa alisugua, na kila alfajiri pistoni ilishuka kwa shida, ikasimama katikati. "Bado inabana," husema, kisha huongeza unga.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, tulipumzika adhuhuri. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati. Chande alitoa silinda kabatini anionyeshe, akaisimamisha, akaiachia pistoni mdomoni mwake. Haikushuka kama mgeni. Ilitumbukia, ikatokea chini, ikagonga meza.

Akairudia. Ikagonga tena.

Aliitazama chupa ya mafuta iliyokuwa dirishani, akainyanyua mbele ya macho yake. Mafuta yalikuwa maangavu kama maji ya dafu.

"Randu, asubuhi haya mafuta yalikuwaje?"

"Meupe. Yalikuwa yameganda. Si kipupwe hiki?"

Nikasikia nilichokisema. Siku zote tisa haikuwa silinda iliyobana. Ni mafuta yaliyokuwa yameganda ndani yake kwa ubaridi wa alfajiri. Sisi ambao tangu utotoni tumeweka chupa ya mafuta juani ili yayeyuke tupate kujipaka, hatukulikumbuka hilo. Mzungu asingekosea hivyo, maana asingekuwa na mafuta ya nazi. Chande aliteremka taratibu akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Nilimhurumia. Nilijihurumia pia.

Ndipo nikachutama karibu yake, nikampa shauri. "Sikiliza, ndugu yangu. Saa nne ya Jumamosi kutakuwa bado na ubaridi. Mafuta ya nyonyo ni mazito. Jaza kwenye silinda, yatakuzibia nafasi. Dakika tano tu. Wakishatia sahihi, utatengeneza pistoni nyingine kwa nafasi yako."

"Na ikipata moto?"

"Ikipata moto dakika tano zimekwisha."

Aliinuka, akarudi kazini.

Jioni ile nilimwona akifunga kwenye mashine kipande cha mwisho cha chuma alichobaki nacho, kifupi, kisichozidi vidole viwili. Pistoni mpya, nene kidogo kuliko ya kwanza, ya kutosha silinda aliyoiharibu. Mara hii akikikosea hakuna kingine. Aliikereza kama anayenyoa mtoto mchanga. Ijumaa alikwenda msikitini, akarudi mbio juani, akajaribu saa nane mchana kwa mafuta ya cherehani, akasugua kidogo, akajaribu, akafuta jasho lisidondokee chuma. Jioni aliifungia kazi kwenye kitambaa bila kunionyesha. Lakini mezani kwake niliona chupa ya nyonyo, imepungua hadi nusu. Nikatabasamu. Nikajua shauri langu limekubaliwa.

Jumamosi tulisimama kama watu wa kilioni. Meneja alikuwa na saa yake mkononi. Bwana Kipimo alichanganya mafuta ya taa, nyonyo na etha. Karakana ikanuka kama chumba cha upasuaji. Chande aliifunga injini kwenye ubao, akapiga kwa kidole panga lake, lile bapa la mbele linalokata upepo. Kimya. Akakaza kidogo skrubu ya juu, ile ya kuongeza mbano. Akapiga. Mara ya sita ikapiga kelele ya nyigu na panga likapotea machoni.

Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Ya tatu, ya nne. Nilihesabu kwa mapigo ya moyo wangu nikiomba yale mafuta mazito yasiyeyuke mapema. Ya tano ikapita, meneja akafunga saa, akanyoosha mkono. "Vizuri sana. Nafasi ni yako."

Chande hakuupokea. "Samahani, bwana. Bado."

Akaziba bomba la mafuta kwa kidole. Injini ikafa.

"Sasa imepata moto," akasema. "Nataka kuiwasha ikiwa hivi hivi."

Nilitaka kumpiga ngumi. Nafasi ilikuwa mfukoni mwake na mashine ya dirishani mfukoni mwangu, naye anazirudisha mezani kuzichezea kamari. Akapiga panga. Kimya. Akapiga. Panga likamrudi, likamchana kidole, damu ikadondoka kwenye ubao. Meneja akasema, "Inatosha, umeshafaulu." Chande akapiga tena, na tena. Mara ya nane nilifumba macho.

Ya tisa ikawaka.

Aliiacha ingurume mpaka mafuta yalipokwisha yenyewe. Ndipo akampa meneja mkono, ule usio na damu.

Tulitoka pamoja kwenda kuosha kidole bombani. Nikamuuliza kwa hasira alikuwa na wazimu gani.

"Ile nyonyo niliimwaga, Alhamisi usiku," alisema. "Niliijaza, ikaziba vizuri kama ulivyosema. Nikaogopa. Jana pistoni mpya ilikaa sawa, lakini sikuwa na mafuta ya kuiwashia injini. Mpaka leo nilikuwa sijui kama ni chuma kinachoshika au ni nyonyo iliyomo kwenye mafuta."

"Na dakika tano zilipokwisha, kwa nini hukuacha?"

Alifunga kidole kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno. "Kwa sababu wewe ungebaki ukidhani unajua siri yangu. Ningekuwa msimamizi wako, Randu, na kila asubuhi ungeningoja mimi nikuamkie shikamoo."

Nilifungua mdomo nikanushe. Lakini Alhamisi ile, kabla hajainuka sakafuni, nilikuwa nimekwishaanza kuwaza siku za ruhusa nitakazomwomba, ambazo hangeweza kuninyima.