Blanketi la Familia, Fundi Asiwemo

Saa tatu asubuhi, mkasi uko mkononi mwa Phelesia Awino na haukati. Juu ya meza ametandaza mraba mmoja aliokwisha kuushona, vipande tisa vya nguo, vitatu kwa vitatu. Kipande cha katikati ni cheupe chenye maua ya zambarau. Anaweka ncha ya mkasi hapo, anauondoa, anauweka tena.

"Nikikata hapa nimemkata Adhiambo," anasema. "Na si mimi nimetaka. Kijana wake ndiye ametaka."

Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Oyugis, kati ya muuza mitumba na kinu cha kusaga mahindi. Pasi ya makaa inafuka mlangoni. Nyuma ya cherehani kuna mabati mapya yameegemezwa ukutani, na kila akienda kuchukua uzi inambidi ayazunguke.

Phelesia, mwenye umri wa miaka 38, hushona blanketi za viraka. Nyingi hutoka kwa nguo za watu waliofariki. Familia ikimaliza kuzika, nguo hugawanywa, na zile ambazo hakuna anayezitaka huletwa kwake kwenye gunia. Blanketi kubwa huliuza Sh4,500, na akipata wateja wawili kwa mwezi anamshukuru Mungu.

Mtindo wake wa kuagizwa sana anauita "tisa ya kupotea". Ukishamaliza kuunga vile vipande tisa, unaupasua mraba wote kutoka juu hadi chini, kisha kutoka upande huu hadi ule. Unabaki na robo nne. Unazigeuza baadhi, unaziunga upya, na ile tisa uliyoanza nayo haionekani tena.

"Watu wanadhani kazi ni kushona. Kazi ni kupanga," anasema. "Kitambaa cha kwenye kona kinabaki kizima. Cha ubavuni kinapasuliwa viwili. Cha katikati kinapasuliwa vinne, kinakuwa kidogo hivi. Kwa hivyo mimi huuliza mteja, nguo gani unaipenda sana? Hiyo naipeleka kona."

Safari hii hakuulizwa wala hakuuliza. Aliagizwa.

Blanketi analoshona ni la kumbukumbu ya Jacktone Owuor, dereva wa lori aliyebeba mahindi kutoka Migori kwa miaka mingi na kufariki mwaka jana. Jumamosi hii litatandikwa juu ya meza ya mbele, penye picha yake, mbele ya kasisi, ukoo na majirani. Kwenye gunia lililoletwa kulikuwa na mashati ya Jacktone, gauni la kanisani la mke wake Adhiambo, na sare za shule za watoto wa Adhiambo. Hakukuwa na nguo ya mtu mwingine.

Jacktone alikuwa na mke wa pili. Mke huyo ni Phelesia.

Mwandishi wa makala haya aliposikia hivyo aliomba arudiwe, akidhani amekosa kuelewa. Hakuwa amekosa. Mwanamke ameagizwa ashone blanketi la kumkumbuka mumewe mwenyewe, na kwenye blanketi hilo yeye asiwemo, wala bintiye Edith, aliye kidato cha tatu. Walimletea yeye kwa sababu hapa Oyugis hakuna fundi mwingine wa mtindo huo. Ukiwauliza kwa nini wamemtenga, watakwambia wanafuata mila.

Kosa la Phelesia ni moja. Baada ya mazishi aliambiwa achukuliwe na shemeji yake, yaani arithiwe awe mke wake, kama wajane wengi walivyochukuliwa kabla yake. Alikataa.

"Nilisema mume wangu amekufa, mimi sijafa. Si mbuzi mimi, ati kamba inatolewa mkono huu inapewa mkono ule," anasema, na sauti inapanda hadi muuza mitumba anageuka. "Wakaniambia sawa, basi wewe si wa hapa. Miaka kumi na saba nimepika kwa hiyo boma! Ng'ombe zilipelekwa kwetu Kendu Bay mchana, watu wakiona. Leo si wa hapa?"

Mvua ya Aprili iling'oa paa la nyumba yake. Katika maboma haya, mjane hapandi juu ya nyumba. Mwanamume wa boma ndiye hupiga msumari wa kwanza, kisha kazi inaendelea. Phelesia alimwomba kila mmoja. Huyu alikuwa na mgongo unaouma, yule alikuwa na safari ya Homa Bay, na wa tatu alimwambia waziwazi kwamba akikubali kuchukuliwa, paa litarudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo yeye na Edith wanalala katika chumba cha kukodi nyuma ya kinu, na kuta za nyumba yao zinanyeshewa. Nyumba ya udongo isiyo na paa haidumu. Ikianguka, hapatakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale, na hilo wanalijua vizuri wote wenye migongo inayouma.

Ushonaji alijifunzia Kendu Bay akiwa msichana, kwa mama mmoja wa kanisa aitwaye Mellen aliyekusanya vipande vilivyobaki kwenye kushona sare za shule. Baadaye alienda kushona Migori mjini, karibu na stendi, na huko ndiko Jacktone alimpelekea suruali ya kuwekewa zipu. "Zipu iliharibika kila wiki," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Nikajua huyu hana shida ya zipu."

Anaacha kucheka pikipiki inaposimama nje. Anayeshuka ni Stanley, mtoto wa kwanza wa Adhiambo, aliyeleta lile gunia. Haingii ndani. Anasimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu.

"Fundi, imefika wapi?"

"Fundi ni nani?" anauliza Phelesia. "Kwani mke wa baba anaitwa fundi siku hizi?"

"Hiyo maneno tuliongea kwa mkutano wa ukoo tukamaliza. Mimi nimekuja kuangalia kazi." Anatazama mezani, anaona maua ya zambarau katikati, anaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hapo sawa. Mama akae katikati. Watu wakiingia wajue mwenye boma ni nani."

Kwa Stanley, kitambaa ni boma. Nyumba ya mke wa kwanza ndiyo inayotazama lango, na zingine hujengwa kando yake. Basi na blanketi alitaka lipangwe hivyo hivyo.

"Stanley, nimekwambia na leo nakwambia tena. Kile kiko katikati ndicho kinakatwa. Mimi napitisha mkasi hapa, tena hapa. Mama yako atakuwa vipande vinne, na wewe mwenyewe ndiye umeagiza."

"Umeanza. Hiyo ni wivu tu."

"Muweke kona. Kona haikatwi."

"Kona ni ya nani? Kona unataka kumtupa mama kama mgeni!" Sasa na yeye amepandisha sauti. "Wewe shona vile umeambiwa. Na usijiweke, nisikie. Nikipata nguo yako hapo Jumamosi, naitoa mbele ya watu."

Pikipiki inaondoka. Phelesia anabaki amesimama, mikono imekamata ukingo wa meza. Kisha anaanza kumtukana Stanley kwa Dholuo, polepole, bila kupumzika, na muuza mitumba anaitikia kila tusi kana kwamba wako kanisani.

Mwandishi anamuuliza kwa nini asikate tu alivyoagizwa. Kijana amekataa kusikia, mama yake akatwe vinne, familia ijionee yenyewe Jumamosi.

"Ningefanya hivyo," anakiri. "Usiku wote nilifikiria hivyo na nikafurahi." Anakigusa kile kipande cha gauni kwa kidole. "Lakini hii gauni Adhiambo aliitia kwa gunia kwa mikono yake. Kesho yake alikuja hapa, akaniambia, 'Nishonee vizuri, min Edith.' Mama Edith. Katika hiyo boma yote ni yeye peke yake ananiita hivyo. Kwa mkutano alinyamaza, wakinifukuza aliangalia chini, na hiyo sijamsamehe. Lakini kumkata vinne? Hapana. Si yeye nina hasira naye."

Anachukua wembe. Uzi baada ya uzi, anafungua mshono wa katikati hadi kipande chenye maua kinatoka kizima. Anafumua na vingine vyote, kisha hiki cha maua anakipeleka kona ya juu. Kona ya pili anaweka shati la buluu la Jacktone, ya tatu shati lingine, ya nne tena Adhiambo. Ubavuni anarudisha sare za watoto, na kati yazo anachomeka sare ya kijani ya Edith ya shule ya msingi, aliyokuwa ameikunja chini ya mto wa pini.

Katikati kumebaki tundu.

Anainama chini ya meza na kutoa mfuko. Ndani kuna gauni la kitenge cha rangi ya chungwa. Ndilo alilovaa siku ng'ombe zilipofika Kendu Bay. Hajalivaa tangu mazishi, na mwandishi anapomwuliza kama ana hakika, anamtazama kwa hasira ile ile aliyomtazama nayo Stanley.

Anakata mraba kutoka kifuani mwa gauni. Anaunga upya vyote tisa, huo wa chungwa katikati, anapiga pasi, anaweka rula ya mbao, na safari hii mkasi hausiti. Juu hadi chini. Upande hadi upande. Kipande cha chungwa kinagawanyika mbele ya macho yetu, na Phelesia anauma mdomo.

Kisha anazigeuza robo na kuziweka upya. Katikati hakuna kitu cha chungwa tena. Lakini kwenye kila robo kuna kipande chake kidogo, kimeshikwa na shati la Jacktone, au na gauni la Adhiambo, au na sare ya mtoto. Hakuna robo asiyemo.

"Alisema atanitoa mbele ya watu," anasema. "Alete wembe. Aanzie wapi? Akinitoa hapa, sare yake inaachia. Akinitoa pale, shati la baba yake linaanguka. Akimaliza atakuwa na matambara mkononi."

Jumamosi hatalituma blanketi na mtu. Atalibeba mwenyewe, apite langoni na Edith, alitandike mezani kwa mikono yake, na akae viti vya mbele. Maombi yakiisha, atasimama amwulize kila mwanamume wa boma hilo kwa jina, mbele ya kasisi, nani atampigia msumari wa kwanza.

Na wakinyamaza wote?

Phelesia anageuka kuyatazama mabati yaliyo nyuma ya cherehani.

"Nyundo ninayo," anasema, na kuuchukua mraba wa pili. "Nitapanda mimi."