Jongoo Dume wa Mbumbuni

Nilitoka Kitui Ijumaa moja ya Novemba, kabla jua halijachomoza, kwa sababu ya jongoo. Nasema wazi kwa kuwa nyumbani waliniuliza naenda wapi asubuhi yote hiyo, na nilipowajibu walicheka mpaka wakamwaga chai. Mimi hufundisha baiolojia chuoni hapa Kitui. Kwa mwaka mzima nilikuwa na jongoo majike wawili kwenye chupa ya spiriti, weusi, bapa mgongoni, wenye ukingo wa manjano, urefu wao hauzidi njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimewaokota Mbumbuni, kwenye kichaka kilicho juu ya shamba la shangazi yangu Ndunge. Daktari mmoja wa Nairobi, ambaye kazi yake ni majongoo na mengine hana habari nayo, aliwatazama siku nyingi, kisha akanipigia simu. Hajawahi kuona wengine kama hao, wala vitabu vyake haviwajui. "Lakini niletee dume," akasema. "Bila dume hatuna kitu."

Jongoo hutambuliwa kwa dume. Kwenye pingili ya saba dume hukosa jozi moja ya miguu ya kutembelea, na mahali pake huwa na viungo vidogo vya kupandia jike. Kila aina ya jongoo ina umbo lake la viungo hivyo. Majike wa aina mbili tofauti wanaweza kufanana mpaka uchoke kutazama, lakini madume hawakudanganyi.

Haraka yangu ilitoka kwa wachimba mawe. Walikuwa wakikichimba kilima chenye kichaka hicho kutoka chini, kila mwezi wakisogea juu. Nilipomwendea chifu, hakunifukuza, ila aliniambia ukweli. "Nikiwaambia kuna mdudu watanicheka, mwalimu. Mdudu gani? Anaitwa nani? Niletee jina lake likiwa limeandikwa, nitawasimamisha." Na jongoo hawa hutoka majani yakilowa tu, wiki chache mwanzo wa mvua. Nikiwakosa, ni mpaka mwaka ujao, na wachimba mawe hawangengoja mwaka.

Mji wa Kwa Vonza niliupita bado giza likitawanyika. Darajani, mto Athi ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikafurahi, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha mahali. Halafu nikaanza kuwaza, kwani mvua ya mahali si lazima iwe ya Mbumbuni. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Pikapu ilikuwa ya kaka yangu, na kila ilipokohoa nilipunguza mwendo nikaisikiliza injini. Wamunyu nilisimama kunywa chai, nikashindwa kuimaliza.

Nilipofika Masii nilimpigia shangazi simu. Daktari alikuwa ameahidi kuja na mimi, kisha dakika ya mwisho akasema goti linamuuma. Nilimweleza shangazi kwamba naja peke yangu.

"Hata kama ni wewe tu, karibu," akasema. "Mvua imenyesha vizuri na kila kitu kiko tayari. Hutaaibika."

Sikumuuliza ni nini kiko tayari.

Baada ya Tawa barabara ikawa ya udongo na matope, nikafika Mbumbuni saa nne hivi, mikono ikiniuma kwa kushika usukani. Uwanja wa shangazi ulikuwa na ile mistari ya ufagio niliyoizoea tangu utotoni. Yeye hufagia kila asubuhi kabla hajaomba, na akina mama wa kanisani kwake husema ungeweza kuanika unga chini pale bila turubai. Alinikumbatia, akaniweka mezani, akaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilitaka kupanda juu saa hiyo hiyo, lakini utamwambia nini shangazi yako aliyeamka usiku kukupikia? Nilikula haraka mpaka akaniuliza kama Kitui kuna njaa.

Hatimaye tukapanda. Kufika kichakani, nikasimama.

Chini ya miti hapakuwa na jani hata moja. Udongo mwekundu ulikuwa wazi, umefagiliwa toka shina hadi shina, na katikati palikuwa na benchi la kanisani lililotandikwa kitambaa cha maua.

"Tuliita mwethya," shangazi akasema, akiwa na furaha usoni. "Akina mama wote walitoka kufanya kazi pamoja. Ulisema utaleta Daktari kuona hapa mahali. Sasa angekaa wapi, kwa hiyo takataka?"

Ile takataka ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Nilihisi kulia, na nilihisi hasira pia, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu wanawake wazima walikuwa wamekunja migongo siku nzima kwa heshima yangu.

"Shangazi, majani mliyapeleka wapi?"

"Tulianza kuchoma."

Nikakaa kwenye lile benchi.

"Lakini mvua ikatuzimia moto," akaendelea, sasa akinitazama kwa makini. "Yaliyobaki tukabeba kwa magunia, tukamwaga kwa shimo la kupandia ndizi. Kwani kuna nini, Mwende?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Kisha akashuka kilima, na niliposhuka nyuma yake nilimkuta ameshaingia ndani ya shimo la ndizi, magotini, akigeuza majani kwa mikono.

Jumamosi yote tulitafuta. Akina mama walikuja mmoja mmoja baada ya kupata habari, kama waliofika matangani, wakapiga magoti nasi. Tulipata majike, tukapata wengine waliokufa kwa moshi. Kila aliyepatikana nilimgeuza tumbo juu chini ya lenzi, nikahesabu pingili hadi ya saba, nikakuta miguu yote iko. Usiku nililala nikihesabu pingili.

Jumapili baada ya ibada walirudi, wengine wakiwa bado na nguo za kanisani. Jua lilikuwa limeanza kuinama shangazi aliponiita. Mkononi alikuwa na jongoo aliyejikunja. Nilimngoja ajikunjue, nikamgeuza, na kwenye pingili ya saba palikuwa na pengo, na ndani ya pengo viungo viwili vilivyopinda. Nilikunja kiganja nisimwangushe.

"Ni yeye?" shangazi akauliza.

"Ni yeye."

Walimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilifungua chupa ya spiriti, na shangazi akaiona.

"Ukimweka humo si atakufa?"

"Atakufa."

"Na mwanaume ni huyu tu tumepata. Hawa wengine watabaki na nani?"

Hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia tangu nilipomwona. Nikimwachilia, hakuna jina, na wachimba mawe wangekimaliza kilima pamoja naye. Nikimchukua, huenda hapatakuwa na wa kuitwa kwa jina hilo. Labda alikuwa ameshawapanda majike kabla hatujamwona. Labda kuna mwenzake tuliyemruka. Nilimtumbukiza. Baadaye akina mama walijaza majani kwenye magunia, majike wakiwa ndani, wakayapandisha kichakani na kuyamwaga chini ya miti.

Jumatatu nilirudi kwa barabara ile ile, chupa nikiwa nimeifunga kwa leso mapajani. Wiki hiyo hiyo nilimpelekea Daktari, akakaa na darubini, akachora, akalinganisha, akasema bila shaka ni aina mpya. Maelezo yake yalichapishwa miezi mingi baadaye, yakiwa na jina lenye Mbumbuni ndani yake. Chifu alisimama na karatasi mkononi, na wachimba mawe wakaambiwa waishie pale walipofika.

Watu walinipongeza. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba unaweza kumpa kiumbe jina na usijue kama bado yupo, na mwaka huo sikulala vizuri.

Novemba ikaja tena. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano, na baada ya siku chache shangazi akapiga simu.

"Wametoka," akasema. "Wadogo, weupe weupe, chini ya majani. Siwezi kujua mwanaume ni yupi. Wewe njoo uangalie."

Nililia kwenye simu, akaningoja nimalize.

"Shangazi, tafadhali, msifagie pale."

"Nani anafagia? Tangu ulipoenda sijashika ufagio, hata hapa kwangu uwanjani. Niliogopa labda mmoja alishuka nyumbani nikamkanyaga."

Mwaka mzima. Nilijaribu kuuona uwanja ule una majani, nikashindwa.

"Na kanisani wanasemaje?"

"Mke wa pasta alikuja, akaona majani mpaka mlangoni. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nangoja wageni."