Kadi za Baba Yake Gogo

Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwenye nyumba kuukuu pale Berea. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizungu, mjane, ambaye wapangaji wote tulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Siku alipotimiza miaka themanini alinialika chai. Nikajiona mtu wa maana. Kumbe nimeitwa kutoa ushahidi.

Mezani alikuwa ametandaza kadi za posta za sikukuu yake ya kuzaliwa, za utotoni. Kila moja ilichorwa mwanasesere yuleyule wa kitambaa: uso mweusi tii, macho kama visahani, midomo minene myekundu, amebeba keki huku anakenua. Nyuma ulikuwa mwandiko wa baba yake, aliyezituma kutoka vitani mpaka alipoacha kuandika. Gogo hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Binti yake alikuwa amekuja kumhamishia kwake Johannesburg, na alishasema kadi zile hazitakanyaga nyumbani kwake, watoto wake wasije wakaziona.

Gogo akanigeukia mimi, mweusi pekee pale mezani. "Mwambie kama zinakuumiza."

"Ndiyo, mwambie," binti akasema. "Mwambie kama ungempa mwanao."

Mimi ni msomi. Swali la ndiyo au hapana hunitia homa. Tena nimelelewa kutomvunja mzee moyo, sembuse siku yake. Midomo ile ilinichoma, sifichi. Lakini nikaanza na historia ya vitu vya kuchezea, nikapitia gari langu la utotoni la kopo la samaki lenye magurudumu ya ndala, nikatua kwenye "inategemea."

"Inategemea nani kakaa mezani?" binti akauliza.

Gogo akazikusanya kadi akazishika kifuani. Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia mpangaji mwenzangu, mama wa Kikongo anayesuka nywele kule sokoni Warwick, na ndoo ya maji mkononi. Kwao mtu haongezi mwaka akiwa mkavu. Hata mimi alishanilowesha. Nilimwona akija nyuma ya kiti cha Gogo. Ila sentensi yangu ilikuwa bado haijaisha.

"Joyeux anniversaire, Gogo!"

Ndoo nzima.

Akapiga makofi peke yake, akingoja tucheke. Halafu akaniambia, sauti imeshuka, "Kwetu iko hivi. Unamwangia mutu unamupenda."

Wino wa buluu ulimtiririka Gogo vidoleni. Akageuza kadi moja, akageuza nyingine, akazigeuza zote. Hakuna neno lililosomeka. Upande wa picha, rangi ya kiwandani haikutoka hata kidogo. Wanasesere waliendelea kukenua, wameoga.

Binti alikimbilia jikoni, akarudi na taulo na mfuko wa taka. Mfuko ndio alioufungua kwanza.

"Basi, Mama. Hakuna tena cha kubishania."

Gogo alizitia humo mwenyewe, moja moja, maji yakimchuruzika usoni. Ya mwisho akanisukumia mimi.

"Hii chukua wewe," akasema. "Wewe bado unafikiria."