Urojo Tulioutafuta Chenai

Harufu ya haradali ikipasuka kwenye mafuta moto, pamoja na majani ya bizari, bado hunisimamisha njiani. Hapa Kenton, London, hunipata kila ninaposhuka basi mbele ya mkahawa mmoja mdogo. Papo hapo huwa si mwanamke mzima mwenye kompyuta begani. Huwa mtoto wa miaka tisa, nimeshikwa mkono na baba katika barabara za Chenai, huko India, mawingu yamejaa, sisi wawili tukitafuta chakula cha mama.

Tulikuwa tumetoka Tanga kumpeleka mama kutibiwa moyo. Daktari alimpima, akasema hatampasua mpaka apate nguvu, na nguvu hizo zingetokana na kula. Mama alikuwa hali chochote. Trei ya hospitali ilikuja imejaa na kurudi imejaa. Pete yake ya ndoa ilikuwa ikimzunguka kidoleni kama bangili, nami nilikuwa nikiitazama pete ile kuliko nilivyomtazama usoni. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu aliyeamini kwamba kila kilichoharibika kina spea yake mahali fulani, akakata shauri kwamba kinachokosekana ni ladha. Mama alipenda urojo kuliko chakula chochote: ule mchuzi mzito wa njano, mkali kwa ndimu na embe mbichi, wenye viazi na bajia ndani yake. "Urojo si wa Wahindi?" baba aliniambia. "Na huku si ndiko kwao? Tutaukuta kila kona."

Hatukuukuta hata kona moja. Mgeni ni kuku mweupe, na sisi tulionekana kutoka mbali: baba na kofia yake ya kufuma, akichora bakuli hewani kwa mikono miwili mbele ya kila mpishi. Tulianzia vibandani, tukala vikate vyeupe vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, tumesimama, huku pikipiki zikitupita karibu na viwiko. Tukaingia mikahawa ya makarani, ambako wali humwagwa juu ya jani la mgomba na mhudumu hurudi na ndoo yake ya mchuzi, akaongeza na kuongeza, mpaka ulifunike jani kwa mkono kuonyesha umetosheka. Siku moja baba alivaa shati lake la Idi tukaenda hoteli kubwa yenye vitambaa vya meza. Akaisoma orodha ya vyakula kwa muda mrefu, akaagiza supu moja, vijiko viwili. Kila mahali tuliletewa mchuzi mwingine, mtamu kwa namna yake, na baba akauonja amefumba macho. "Bado," alisema. "Lakini tumekaribia." Kisha tulifungasha kidogo, tukampelekea mama. Naye aliinusa ile pakiti, akashukuru, akaifunga tena. "Nitakula baadaye, Baba Zuhura." Baadaye haikufika.

Halafu mvua ikanyesha kwelikweli. Maji yaliingia mpaka ndani ya mkahawa tulimokuwa tumeagiza, viti vikaanza kupandishwa juu ya meza, na baba akaomba vyote vifungwe, vyetu na vya mama. Tulifika wodini tumelowa, njaa imetushika. Baba akatandika gazeti juu ya kitanda, akamwaga wali wa mtindi katikati, wali wa kawaida kabisa, wa bei ya chini kuliko vyote, nasi tukaanza kula bila hata kumkaribisha mgonjwa. Mkono wa mama ukaja. Ukachukua tonge dogo, kisha jingine. Baba akaacha kutafuna.

"Kumbe unakula, Mama Zuhura?"

"Nani alikwambia mimi sili?"

"Nimezunguka mji mzima nikitafuta urojo wako."

"Urojo nilikutuma mimi? Mnaniingilia hapa mmeshiba, midomo inanuka vitunguu, mnasimama mnaniambia kula. Mimi kuku wa kunenepeshwa?" Akanisogezea upande wenye wali mwingi. "Kwetu nani anakula peke yake, akitazamwa?"

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mama alikuwa na njaa, na mwiko wake uliishinda. Tangu siku ile hatukula tena nje bila yeye. Tulikaa juu ya kitanda kile, watu watatu na gazeti moja, mpaka pete ikakaza na daktari akaridhika. Akapasuliwa, akapona.

Leo vyakula vyote vya mji ule navipata Kenton, vya senti na vya kujionyesha. Bibi mwenye mkahawa, mzaliwa wa Mombasa, hunionyesha kiti cha ukutani. "Leo pia peke yako, mwanangu?" Nami hucheka, nikafungua kompyuta kando ya sahani.

Baba alishafariki. Mama yuko Tanga, hunipigia simu jioni za kwao, na haniulizi nimekula nini. Huniuliza nimekula na nani. Kwa kawaida humtajia jina la rafiki, hata nikiwa peke yangu. Juzi nilimtajia jina, naye akasikiliza mkahawa mzima ukipiga kelele nyuma yangu.

"Haya," akasema. "Usimalize chakula chako. Ngoja nami nipakue changu."