Mlango wa Bluu Kilimani

Wataalamu wa mambo ya kale walipokuja Zombo kuchimba makaburi ya watu wa zamani, mwenyekiti wa kitongoji aliwapeleka kilimani. Akawaambia huko hajazikwa mtu tangu enzi za mababu.

Ni huyo huyo aliyetuambia tuzike kilimani wakati wa mafuriko, maana makaburi ya bondeni yalikuwa chini ya maji. Nilimzika mke wangu pale. Mbao za kumfunikia hazikupatikana, nikang'oa mlango wa nyumba yetu. Kuta zilikuwa zimeshaondoka, mlango ungenisaidia nini? Kijiti nilichoweka kama alama, ng'ombe walikivunja.

Nikamkumbusha mwenyekiti.

"Ndugu yangu, hawa wanataka watu wa kale. Wako hawamtaki," akasema. "Wewe kaombe kibarua."

Nikaomba, angalau niwe karibu. Siku ya tatu brashi yangu ikafika kwenye ubao wa bluu wenye bawaba. Dada mtaalamu akainama kwa furaha.

"Baba, umepata nini?"

"Mlango wangu."

Akacheka. Nikamweleza yuko nani chini yake. Akaacha kucheka, akanipa pole, akasimamisha kazi na kumwita mwenyekiti.

Mwenyekiti akasema alisahau. Nikamkabidhi sepeto. Akafukia peke yake, na suruali yake ya mikutano, mimi nimekaa juu ya jiwe. Alipotaka kuondoka nikamwambia, "Bado upande wa miguuni."

Akarudi.